Mrehani Umeondoka Dirishani

"Mama, wamepita."

"Nani kapita?"

"Watu wa Yaqdhan. Magari matatu. Wamepita mbele ya mlango wetu na hawakusimama."

Bi Kheiria aliweka chini chetezo alichokuwa akifukizia nguo, akaja dirishani haraka. Barabara ya mtaa wao wa Ansab, Maskati, ilikuwa tupu, jua la alasiri limeilalia, na paka mmoja amejinyoosha kivulini kwa jirani. Hapakuwa na gari wala mgeni.

Lakini Khulood hakuwa amekosea. Aliyaona kwa macho yake, tena macho yaliyokuwa hayajabanduka kwenye pazia lile tangu watu watoke msikitini. Gari la mbele aliliendesha Yaqdhan mwenyewe. Pembeni yake alikaa baba yake, Mzee Anas, kilemba kimefungwa kikafungika. Nyuma walifuata wajomba na masinia ya halwa. Mtu anayekuja kuposa hupunguza mwendo akiikaribia nyumba, hutafuta pa kuegesha, hukohoa, hujinyoosha kanzu. Yaqdhan hakufanya hata moja katika hayo. Alipita kama anayekwenda zake kununua mkate, hata shingo hakuigeuza.

"Labda wamekosea nyumba," Bi Kheiria alisema.

"Mama, Yaqdhan kakitengeneza kiti cha Bibi humu ndani mpaka kiti kinamjua jina. Leo ndo akosee?"

Bi Kheiria alimwekea sawa bintiye kikuba kifuani, cha asumini na mrehani, alichomfungia mchana kwa mkono wake, akasema wangoje kidogo, huenda watu wamesahau kitu njiani.

Wakangoja. Chini kwenye majlisi, sebule ya wageni, alikuwa amekaa Nasr, baba yake Khulood, pamoja na kaka zake wawili, ami zake Khulood, na imamu wa msikiti wao. Kahawa ilikuwa tayari, tende zimefunikwa. Khulood alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kisha akaandika:

"Uko wapi? Wazee wanakusubiri."

Alama mbili zikageuka buluu. Kausoma. Hakujibu.

"Rudi, Yaqdhan, nakuomba. Baba kakaa na watu."

Kausoma na huo, kimya.

Sasa wewe fikiria. Umetiwa hina, umepambwa, umefukizwa udi mpaka kope, halafu mtu unayempenda anayasoma maneno yako na kuyaacha pale pale. Khulood aliketi ukingoni mwa kitanda na nguo yake mpya ya kijani, akaona aibu hata kuitazama.

Ilipokaribia Magharibi wageni waliaga mmoja mmoja, kila mmoja akisema huenda ni kheri. Nasr aliwasindikiza akitabasamu kwa meno tu. Halafu akapanda ngazi pole pole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa.

"Nilisema nini mimi?" aliuliza.

Bi Kheiria aliinama kukiokota chetezo.

"Nilisema watu wale si kufu yetu, si wa hadhi moja na sisi. Mkanambia nimepitwa na wakati. Haya, wamekuja mpaka mlangoni kutuonesha kwamba hata kusimama hatustahiki."

"Baba, lazima kuna jambo limetokea."

"Jambo ni ukoo wao. Ijumaa nnawajibu watu wa Fahd. Khalas."

Fahd alikuwa mtoto wa binamu yake Nasr, kijana mwenye kazi nzuri na adabu nzuri, na watu wake walishapeleka posa. Khulood hakuwa na ubaya naye wowote, ila hakumpenda; aliyempenda ni Yaqdhan. Siku ya Ijumaa haikuwa mbali.

Kilichomkaa Nasr kooni ni cha zamani. Babu yake alikuwa na mashamba Unguja. Mapinduzi yalipokuja vijana walimjia nyumbani, wakamchukua, akafia jela, na waliosalia katika ukoo wakaishia Maskati na nguo walizovaa. Vijana wale waliitana komredi. Tangu siku ile neno hilo halikutamkwa katika nyumba ya kina Nasr, kama vile neno la matusi. Na babu yake Yaqdhan, Marhoon, alikuwa komredi wa Unguja. Hakuna aliyesema kwamba alimkamata mtu. Tena yeye mwenyewe baadaye alitiwa jela na wenziwe, akatoroka, akafa mzee hapa hapa Maskati akitengeneza redio za watu. Lakini kwa Nasr jina lilitosha.

Aliyeweza kumlainisha alikuwa mmoja tu, mama yake mzazi, Bibi Halima.

Bibi Halima alishavuka tisini. Mpolandi wa kuzaliwa, jina lake la awali Halina. Babu Hamoud, Mungu amrehemu, alikwenda kule kijana mbichi kusomea uhandisi, akaugua mapafu kwa baridi, na nesi aliyemuuguza ndiye akawa mkewe. Kurudi Unguja hakukuwezekana tena, basi wakakaa hukohuko mpaka Oman ilipoita watu wake. Kiswahili alikisoma jikoni kwa mama mkwe wake pamoja na pilau na mchuzi wa papa, ndiyo maana akizungumza ungedhani kazaliwa Malindi ya Unguja, mji ambao hajapata kuukanyaga. Akiulizwa habari za vita vya kwao, jibu lake siku zote lilikuwa moja.

"Nilikuwa nauza viazi."

Na mazungumzo yakaishia hapo.

Yaqdhan alikuwa mhandisi mwenye karakana mtaa wa Ghala, akitengeneza vitanda vya wagonjwa na viti vya magurudumu. Aliletwa na kiti cha Bibi kilichokwama gurudumu. Kikatengenezwa. Wiki ya pili kikakwama tena. Wiki ya tatu Khulood, ambaye alikuwa mfamasia na ana akili zake, akaanza kushuku kwamba nati zile Bibi anazilegeza mwenyewe. Basi wakawa wanazungumza watatu, Bibi katikati na tasbihi yake, akijifanya anasinzia.

Nasr alipopata habari kijana yule ni mjukuu wa nani, akamkataza mlango. Ndipo Bibi Halima alipowafundisha mambo. Dirisha la chumba chake lilikuwa chini, linatazama barabara, na kizingitini mwake aliotesha mrehani katika kopo la maziwa ya unga.

"Ukiuona mrehani, ingia," alimwambia Yaqdhan. "Usipouona, pita. Usipunguze mwendo, usigeuze shingo. Na ukishapita usiitike sauti ya mtu, hata iwe ya Khulood. Aliyeshikwa ndo wa kwanza kulazimishwa kusema njoo."

"Bibi, haya umejifunza wapi?"

"Kwenye viazi."

Walicheka siku ile. Lakini waliifuata, na Bibi hakuwahi kukosea.

Mwishowe, kwa kusumbuliwa na mama yake, Nasr alikubali watu waje. Akaweka sharti moja: mbele ya wazee atamuuliza Anas, baba yake alikuwa wapi siku aliyochukuliwa babu yake Nasr. Khulood alipompigia Yaqdhan kumpa habari hiyo, Yaqdhan alizima kwanza mashine za karakana.

"Mimi aniulize atakalo," alisema. "Baba yangu moyo wake mbovu, Khulood. Kaishi na swali hilo umri wake wote. Mkiona Ammi Nasr kakusudia kumuaibisha, mwambie Bibi auondoe mrehani. Mimi nitapita, na lawama nitaibeba mwenyewe."

Asubuhi ya siku yenyewe Nasr alilegea zaidi, akaahidi kwamba hatauliza kitu. Khulood akatuma ujumbe wa furaha: "Baba kakubali. Njooni kwa salama." Basi ishara ile ikasahaulika, na tangu mchana Khulood alikuwa ghorofani anapambwa, hakukanyaga chini.

Ujumbe wa Yaqdhan uliingia baada ya Magharibi.

"Nimeona dirisha. Nashukuru mlivyoniwahi. Mwambie Bibi kamuokoa baba yangu. Usiniandikie tena kwa kulazimishwa, mimi nimeelewa, na wewe sikulaumu."

Khulood aliusoma, akaurudia. Halafu akashuka ngazi mbio bila viatu.

Bibi Halima alikuwa kwenye kiti chake, uso umeelekea mlangoni. Mchana alikuwa amelala, na tangu alipoamshwa wanawake walikuwa wanaingia na kutoka kumuamkia, hakupata nafasi ya kulitazama dirisha. Kizingiti kilikuwa kitupu. Palibaki alama ya mviringo pale kopo lilipokuwa linakaa.

"Bibi, mrehani uko wapi?"

Bibi aligeuza kiti. Alipokiona kizingiti, uso wake ulibadilika, na kwa kitambo kidogo Khulood aliona msichana mdogo aliyeingiwa na hofu, amekaa ndani ya ngozi ya ajuza. Kisha Bibi akanyanyua kidole, akamuonesha kifuani.

"Umeuvaa," alisema.

Khulood akainama, akakinusa kikuba chake.

Bi Kheiria naye alikuwa ameshafika mlangoni, na kikuba chake vile vile. Alieleza bila wasiwasi wowote kwamba mrehani wa sokoni ulikuwa umenyauka, wageni ndo hao wanakuja, akauona wa Mama Halima umestawi, akaubeba jikoni na kopo lake akauchuma. Kopo lilikuwa pale kwenye karo, na vijiti vyake. Kwani kuna kosa? Wakamwambia. Bi Kheiria akaketi kitandani kwa mama mkwe wake bila kukaribishwa.

"Yaani mimi," alisema, "nimemfukuza mkwe wangu kwa kikuba."

Khulood alicheka huku machozi yanamtoka, akachukua simu ampigie Yaqdhan. Bibi akamzuia.

"Hatopokea. Na akipokea hatoamini, nimemfundisha mwenyewe. Niitie Nasr."

"Bibi, tutamwambia nini? Akijua tulikuwa na ishara za siri humu ndani atazidi kukasirika."

"Nitasema mimi. Nimenyamaza vya kutosha."

Nasr aliingia, kilemba bado kichwani, akaketi karibu na kiti cha mama yake. Bibi Halima hakuanza na mrehani. Alianza mbali.

"Nasr, mimi wakati wa vita niliwahi kukwambia nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unauza viazi, Mama."

"Na kweli niliuza. Ila chini ya viazi kulikuwa na bastola."

Nasr alimtazama mkewe, kisha bintiye, kama anayetaka kujua nani kampa mama yake dawa gani.

"Nilikuwa Warsaw, msichana wa miaka kumi na saba," Bibi aliendelea. "Wajerumani wa Hitler wameikalia nchi. Baba yangu fundi wa reli, wakampiga risasi. Mama akabaki na sisi, hana kitu. Kuna watu walikuja na mkate. Kesho yake wakaja tena, na wao wenyewe wana njaa. Siku moja nikawauliza, nyinyi nani? Wakanambia. Nikasema basi na mimi ni wenu. Nikawa nabeba silaha kapuni, nazipitisha mbele ya askari, nazipeleka kwa wapiganaji. Walikuwa makomunisti, Nasr. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Tukiitana komredi."

Khulood mwenyewe hili hakulijua. Alijua ishara, hakujua ni ya kina nani.

"Tulikuwa na chumba cha kukutania," Bibi alisema. "Dirishani kuna kopo la ua jekundu. Likiwepo unapanda, lisipokuwepo unapita. Chini ya jengo alikuwa akikaa bibi mmoja anayetunza mlango, Rozalia. Mwanamke wa kanisa, hapendi hata kivuli chetu, wala hapitwi na kitu dirishani mwetu. Kila akinikuta kwenye ngazi akisema Mungu atuondoshe mtaani kwake. Siku hiyo Wajerumani walipata habari, wakaingia chumbani, wakakaa kutungoja. Mimi nilikuwa naja kutoka upande huu wa barabara. Upande wa pili alikuwa anakuja Tadek."

"Tadek ndo nani?" Bi Kheiria aliuliza.

"Mchumba wangu."

Nasr aliangalia chini.

"Rozalia akabisha hodi kwa Wajerumani, ndoo mkononi. Akaingia, akalichukua lile kopo mbele ya macho yao. Wakamuuliza, unafanya nini? Akawajibu, ua lina kiu. Akatoka nalo. Mimi nikafika chini, nikatazama juu, dirisha tupu. Nikapita. Na Tadek akapita. Tukapishana kwenye njia ya miguu, bega lake likanigusa, wala hakunitazama. Angenitazama, angenisalimia, tungekamatwa sote wawili. Mwezi ule ule walimshika kwingine. Hakulitaja jina la mtu mpaka wakamuua. Sikumuona tena, Nasr. Mara ya mwisho niliyomuona ni ile aliyonipita."

Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imeshatetemeka miaka mingi iliyopita, ikamaliza.

"Mtu akikupita bila kugeuka, usiseme kakudharau. Yaqdhan leo kabeba aibu yako na ya baba yake kwa pamoja, kwa sababu dirisha langu lilimwambia baba yake hayuko salama humu. Na kilichouondosha mrehani si wewe wala yeye. Ni mapenzi ya Kheiria kwa bintiye."

Akawaeleza habari ya ishara, yote, bila kuficha. Nasr alisikiliza akizungusha pete kidoleni. Alipopata sauti, hakuuliza la Yaqdhan.

"Baba alikuwa anajua?"

"Siku ya kwanza tu nilimwambia. Habari za Unguja zilipotufika, akanambia, Halina, neno hilo lizike. Kwetu halitosikika tena likaeleweka. Nikalizika."

"Na bibi yangu? Alokupika ukapikika, alokufundisha kusema?"

"Hakujua. Mumewe kafia jela, nimwambie nini? Alinipokea mimi, mzungu nisiyejua kukuna nazi, akaniita mwanangu. Mtu aliyekupa nyumba na lugha humtoneshi kidonda. Watu wangelijua wangesema nilinyamaza kwa woga. Sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa shukrani."

"Mama, wale watu ndo waliotumaliza sisi."

"Najua. Na wa kwetu vita vilipokwisha wakashika nchi, nikayaona na mabaya yao, ndo nikakimbilia unesi. Siwatetei. Yuko komredi alonipa mkate, na yuko komredi alomtia babu yako jela. Jina moja, watu mbali mbali. Na roho yangu niliyonayo hii hakuniachia komredi, kaniachia mwanamke aliyekuwa akituchukia. Nilirudi baada ya vita nimtafute Rozalia nimpe ahsante. Nikakuta jengo limekuwa rundo la matofali. Ahsante hiyo ninayo mpaka leo."

Akanyoosha mkono, akamshika mwanawe kilemba, kama anakiweka sawa.

"Ulitaka kufu, Nasr. Yeye mjukuu wa komredi. Huyu Khulood wako ni nani? Kufu gani tena unataka?"

Bi Kheiria alijiziba mdomo kwa ncha ya shela. Nasr akavua kilemba, akajifuta nacho uso mzima, na alipokishusha macho yalikuwa mekundu.

"Khulood," alisema, "lile kopo liko wapi?"

Asubuhi yake walikwenda Ghala, baba na binti. Nasr aliendesha, na Khulood alilipakata kopo na vijiti vyake vilivyonyofolewa. Njia nzima Nasr alisema neno moja tu, kwamba alishike vizuri lisimwagike udongo.

Yaqdhan alikuwa chini ya kitanda cha mgonjwa, anafunga skrubu. Mzee Anas amekaa pembeni na chai ya maziwa, kama desturi yake ya kila asubuhi. Walipowaona wageni wote wawili walisimama, na Mzee Anas akaweka mkono kifuani bila kujua. Nasr alisalimia, akalichukua kopo kwa binti yake, akaenda nalo moja kwa moja mpaka kwenye kidirisha cha karakana kilichojaa vumbi, akaliweka.

Yaqdhan alilitazama. Akamtazama Khulood. Hakusogea.

"Ammi, huo hauna majani."

"Majani wameyavaa wanawake," Nasr alisema. "Mkwe wako mtarajiwa kafunga vikuba."

Ilibidi Khulood aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo Yaqdhan alivyozidi kuegemea kile kitanda. Mwisho akaketi kabisa, akacheka cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

Nasr alimgeukia Anas.

"Nilikusudia kukuuliza swali mbele za watu. Nakuomba radhi kwa kulikusudia."

"Liulize hapa, ndugu yangu. Nimekuwa nikiliogopa tangu utoto."

"Silitaki tena."

"Basi nitakujibu bila kuulizwa," Mzee Anas alisema. "Baba yangu hakumshika babu yako. Lakini alikuwa upande ule, na mpaka anakufa hakukuwa na siku aliyolala akapumzika. Mimi sina cha kukupa ila maneno hayo."

"Yananitosha," Nasr alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtoto anayechongea: "Na mama yangu alikuwa komredi."

Mzee Anas aliishusha chai.

"Bi Halima? Muuza viazi?"

"Huyo huyo."

Wazee wawili wakatazamana, na wa kwanza kushindwa kujizuia alikuwa Nasr. Khulood hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia baba yake akicheka vile. Mzee Anas naye akakiri kwamba halwa ya posa haipo. Jana waliona haya kurudi nayo nyumbani, wakaenda zao pwani ya Qantab, wakakaa kwenye mchanga na vilemba vyao, wakaila yote mpaka masinia yakang'aa.

"Na tulikuteteni kidogo," aliongeza.

"Haki yenu," Nasr alisema.

Wazee walipotoka nje kupanga siku, mlango ukiwa wazi, Khulood alibaki kizingitini.

"Uliyasoma maneno yangu ukaniachia alama za buluu."

"Kila taa nyekundu niliyosimama nilitaka kugeuza gari," Yaqdhan alisema. "Nikawa najiambia, ikiwa kashikwa mkono, nikirudi nitamuumiza."

"Mimi nilikutukana moyoni mpaka Magharibi."

"Na sasa?"

"Sasa nakwambia ahsante kwa kupita. Bibi kasema alopita ndo aliyependa."

Yaqdhan aliinama akaokota bisibisi yake, akaiweka pale pale alipoiokota.

Ijumaa ile Nasr aliwajibu watu wa Fahd kwa heshima kwamba binti ameshaposwa. Magari matatu yaliingia tena mtaani Ansab baada ya Alasiri. Khulood alikuwa pale pale penye pazia, moyo juu. Gari la mbele lilipunguza mwendo. Likazidi kupunguza. Kisha likasimama, na Yaqdhan akashuka, lakini hakuja mlangoni. Alisimama akitazama dirisha la chini. Nasr mwenyewe ndiye aliyefungua pazia kutoka ndani, akalisogeza kopo, lililokwisharudishwa kutoka Ghala, mbele kwenye kizingiti. Kwenye vijiti vyake vilikuwa vimeshachipua vijani viwili, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Bi Kheiria alikuwa amekula kiapo kwamba atakayevigusa atakiona.

Mlangoni Nasr aliwapokea wageni kwa mikono miwili, na mbele ya kaka zake na imamu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka ghorofani:

"Karibuni. Hii nyumba ya mtoto wa komredi."

Kaka zake wakatazamana, nao ni wa baba mmoja naye na mama mwengine. Iliwabidi wasimuliwe baadaye, na walisimuliwa. Lakini kwanza posa ikapokewa, tena imamu akaona hakuna haja ya kungoja, akasoma khutba ya ndoa siku ile ile. Halwa ililiwa na waliopaswa kuila.

Wageni walipopungua, Khulood alishuka na mumewe kwenda kumbusu Bibi mkono. Bibi Halima aliomba asukumwe mpaka dirishani. Aligusa vile vijani kwa ncha ya kidole, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyesimama nje ya kioo.

"Umesema nini, Bibi?" Khulood aliuliza.

"Nimemwambia Rozalia mjukuu wangu kaolewa. Nimemwambia ahsante. Nadhani leo imefika."

Nasr alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemsikia akija. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji. Aliwapita wote, akainama dirishani na kuyamimina koponi kidogo kidogo.

"Ua lina kiu, Mama," alisema.